Mackinnon: Tajiri wa meli ambaye sanamu yake ya shaba iling'olewa Mombasa

Msafiri anayevuka kutoka Likoni kwenda kisiwani Mombasa huwa na mengi ya kumshughulisha: jua kali, msongamano wa watu na saa ya kufika kazini. Ni nadra kuwaza kuhusu kile kinachozunguka chini ya miguu yake. Hata hivyo, feri inapoondoka gatini na maji kuanza kufurukuta nyuma yake, kazi yote hufanywa na rafadha, ile panka kubwa iliyozama majini. Rafadha za vyombo vya baharini kwa kawaida huundwa kwa madini ya jamii ya shaba, kwa kuwa chuma cha kawaida huliwa upesi na maji ya chumvi.

Ni madini ya ukoo huo huo yaliyotumiwa kumsimamisha mtu mmoja katikati ya mji wa Mombasa kwa zaidi ya nusu karne. Katika bustani ya Treasury Square, karibu na Mji wa Kale, ilikuwapo sanamu ya Mzungu aliyeitwa Sir William Mackinnon. Vijana wa leo wanaopita hapo hawaikuti. Wengi wao hulisikia jina hilo tu wanaposafiri kwenda Nairobi, basi linapokipita kituo cha Mackinnon Road katika Kaunti ya Kwale.

Je, Mackinnon alikuwa nani, na kwa nini mji huu ukampa heshima hiyo na baadaye ukaiondoa?

Kwanza ni vyema kuyafahamu madini yenyewe. Shaba nyeusi ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na madini ya bati, ambayo si mabati yale ya kuezekea nyumba. Kwa kawaida sehemu tisa huwa za shaba nyekundu na moja ya bati. Shaba nyekundu peke yake ni laini na hupindika kwa urahisi. Ikichanganywa na bati huwa ngumu, huyeyuka kwa joto la chini zaidi na hujaza vizuri kila pembe ya kalibu. Ndiyo sababu tangu kale imetumiwa kusubu kengele, mizinga, milango ya majumba ya ibada na sanamu. Mwanariadha wetu anayemaliza wa tatu katika Michezo ya Olimpiki hutunukiwa nishani ya madini hayo.

Sifa yake kubwa kwa wakazi wa pwani ni kwamba haiozi kama chuma. Upepo wa bahari unapoipiga, uso wake hubadilika na kuwa wa kahawia, kisha kijani. Kutu hiyo ya kijani huwa kama ngozi inayoikinga shaba iliyo ndani. Kutu ya chuma hufanya kinyume, kwani hubanduka na kukiacha chuma kipya wazi ili nacho kiliwe.

William Mackinnon alizaliwa mwaka wa 1823 huko Campbeltown, mji mdogo wa bandari katika rasi ya Kintyre, magharibi mwa Scotland. Hakuzaliwa katika ukwasi. Alipokuwa kijana alijifunza biashara ya duka la vyakula, kisha akaenda Glasgow kufanya kazi ya ukarani. Mwaka wa 1847 alisafiri hadi India, ambako alimkuta mtu wa kwao, Robert Mackenzie, akiwa tayari ameanza biashara. Wawili hao walishirikiana na kuanzisha kampuni ya Mackinnon Mackenzie mjini Calcutta.

Ushirika huo haukudumu, kwani Mackenzie alikufa maji mwaka wa 1853 meli aliyokuwa akisafiria ilipozama. Mackinnon aliendelea peke yake, na wala hakuiogopa bahari iliyomwua mwenzake. Mwaka wa 1856 alianzisha kampuni ya meli za moshi iliyopewa kazi ya kubeba barua za serikali kati ya Calcutta na Rangoon. Mwaka wa 1862 kampuni hiyo ilibadilishwa jina na kuitwa British India Steam Navigation Company. Katika miaka iliyofuata meli zake zilienea kutoka Ghuba ya Uajemi hadi nchi za mashariki ya mbali.

Enzi hizo ndizo meli za moshi zilipokuwa zikiyapokonya majahazi kazi katika Bahari ya Hindi. Jahazi la mbao lilishonwa au kupigiliwa misumari na kusubiri kaskazi na kusi. Meli ya moshi ilikuwa na mwili wa chuma, nayo ilihitaji shaba pale ambapo chuma kilishindwa: kwenye beringi za mhimili wa rafadha, vali za kuingiza na kutoa maji ya bahari, fremu za madirisha na kengele ya zamu. Kuanzia miaka ya 1870 mafundi wa Uingereza walianza kusubu rafadha kwa shaba iliyotiwa manganisi, ambayo ilikuwa imara kuliko chuma cha kusubu na haikuliwa sana na chumvi.

Hata hivyo, ndoa ya shaba na chuma ndani ya bahari ina masharti yake. Madini hayo mawili yakigusana katika maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yao na chuma ndicho huliwa. Kwa hiyo mafundi hufunga vipande vya zinki karibu na rafadha ili zinki iliwe badala ya mwili wa meli. Ni desturi inayofuatwa hadi leo katika vyombo vya baharini, na vipande hivyo hubadilishwa kila chombo kinapopandishwa chelezoni.

Mwaka wa 1872, miaka mitatu baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa, kampuni ya Mackinnon ilipata mkataba wa kuleta barua kila mwezi kutoka Aden hadi Unguja. Hapo ndipo Mskoti huyo alipoingia katika historia yetu. Mwaka uliofuata Sultan Barghash bin Said, akishinikizwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Mackinnon, aliyekuwa mshika dini wa kanisa la Kiskoti, aliamini kwamba biashara halali ingeua ile ya kuuza binadamu. Lakini aliona pia kwamba mwenye meli na njia ya kwenda bara ndiye angeishika biashara yote.

Mnamo 1877 alianza mazungumzo na Barghash ili akodishiwe sehemu kubwa ya milki ya Sultan upande wa bara. Mazungumzo hayo yalivunjika mwaka wa 1878. Wakati huo huo yeye na wenzake waligharimia barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea ndani, iliyofika zaidi ya kilomita 100 kabla ya kuachwa. Kama Barghash na Mackinnon wangeelewana wakati ule, ramani ya Afrika Mashariki huenda ingekuwa tofauti kabisa. Haikuwa hivyo. Wajerumani walifika miaka michache baadaye, na mwaka wa 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa na kugawana bara, Sultan akiachiwa ukanda wa maili kumi tu kutoka ufuoni.

Tarehe 24 Mei 1887 Barghash, akiwa amedhoofika na karibu kufariki dunia, alikubali kuukodisha ukanda huo kuanzia Mto Umba hadi Kipini kwa muda wa miaka 50. Mackinnon na wenzake walipewa haki ya kutoza ushuru, kuweka mahakama na kuamua kuhusu ardhi ambayo haikuwa na mwenyewe anayejulikana. Mwaka wa 1888 Malkia wa Uingereza aliwapa hati ya kifalme, na hivyo ikazaliwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, maarufu kama IBEA.

Likoni, Mtongwe, Changamwe na Kisauni zote zilikuwa ndani ya ukanda huo. Mkulima wa Kidigo aliyekuwa akipanda mihogo na minazi ng'ambo ya Kilindini hakuulizwa wala hakupewa habari. Alilala chini ya bendera ya Sultan akaamka chini ya kampuni ya wafanyabiashara ambao mkuu wao alikuwa akiendesha mambo kutoka Scotland na London.

Jaribio la kwanza la Kampuni lilikuja mara moja. Mwakilishi wake, George Mackenzie, alipofika Mombasa mwezi Oktoba 1888, alikuta wenye watumwa wamekasirika. Watumwa wao walikuwa wametoroka na kukimbilia misheni, hasa Rabai, na wenyewe walikuwa tayari kutumia silaha kuwarudisha. Mackenzie aliamua kuwalipa fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walikabidhiwa hati za uhuru huko Rabai. Fedha hizo ziliepusha umwagaji wa damu, na kwa familia nyingi za Rabai na Freretown tendo hilo lilikuwa na maana kubwa. Mwaka huo huo Mackinnon alitunukiwa cheo cha baroneti.

Kampuni pia ilileta sarafu zake. Zile kubwa zilikuwa rupia za fedha, lakini iliyopita mikononi mwa wachuuzi na wapagazi ilikuwa pesa ndogo ya shaba nyeusi yenye jina la Mombasa, mwaka wa 1888 na picha ya mizani. Hivyo basi, shaba ya Mackinnon ilifika mifukoni mwa watu miaka kadhaa kabla ya sanamu yake kufika uwanjani. Baadhi ya pesa hizo bado zinanunuliwa na kuuzwa na wakusanyaji wa sarafu za kale.

Kazi iliyofuata ilikuwa kufungua njia ya bara. Mwaka wa 1890 Kampuni ilianza barabara ya magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Mombasa hadi Kibwezi, ambayo baadaye iliendelezwa na Kapteni Sclater hadi mpakani mwa Uganda. Ilianza pia reli nyembamba ambayo haikuenda mbali zaidi ya maili saba hivi. Reli hiyo ilishindwa kabisa, ingawa vyuma vyake havikupotea bure, kwani vilitumiwa baadaye kwa vigari vilivyosukumwa na watu katika barabara za kisiwani Mombasa.

Mzigo halisi ulibebwa vichwani na mabegani. Kampuni iliagiza meli ndogo ya moshi kwa ajili ya Ziwa Victoria, iliyoundwa Scotland kisha ikafunguliwa vipande vipande. Vipande hivyo vilipakuliwa Mombasa na kuanza safari ya mamia ya maili kuelekea ziwani wakati reli ilikuwa bado haijafika huko. Sahani za chuma na sehemu za injini zilipita katika nyika ya Taru, palipo na kiu, na katika nchi zenye maradhi na njaa. Meli hiyo, iliyopewa jina la William Mackinnon, ilishushwa majini Kisumu mwaka wa 1900, miaka saba baada ya mwenye jina kufariki dunia. Majina ya wapagazi hayakuandikwa popote penye meli hiyo.

Wakati huo Mackinnon alikuwa amejitwisha mambo mengi kupita uwezo wake. Alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyomtuma Henry Morton Stanley mwaka wa 1887 kwenda kumwokoa Emin Pasha, liwali wa jimbo la kusini mwa Sudan. Safari hiyo iliwaua mamia ya watu, wengi wao wakiwa wapagazi kutoka Unguja, na mwishowe Emin akajiunga na Wajerumani. Kisha Kampuni ilimtuma Frederick Lugard kwenda Buganda, alikofika mwezi Desemba 1890. Mwezi Januari 1892 vita vilizuka Mengo kati ya makundi ya Wakatoliki na Waprotestanti, Lugard akiwaunga mkono Waprotestanti.

Uganda ilikula fedha kuliko mapato yote ya ushuru wa Mombasa. Kampuni iliyoanzishwa ili kufanya biashara ilijikuta inaendesha serikali bila hazina. Mackinnon aliiomba serikali ya Uingereza isaidie, naye akatoa fedha zake na kuwasihi marafiki watoe zao. Mwishoni mwa Machi 1893 Kampuni ilijiondoa Uganda. Tarehe 22 Juni mwaka huo huo Mackinnon alifariki hotelini mjini London, akiwa na umri wa miaka 70. Alizikwa Clachan, kijiji cha Kintyre kilicho karibu na nyumba yake. Hakuacha mtoto, na cheo chake cha baroneti kikaishia naye kaburini.

Mwaka wa 1895 serikali ya Uingereza iliinunua Kampuni kwa pauni 250,000. Hapa ndipo palipo na jambo ambalo wakazi wa pwani wanapaswa kulikumbuka. Kati ya fedha hizo, hazina ya Uingereza ilitoa pauni 50,000 tu. Zilizobaki, pauni 200,000, zilitoka katika fedha za Zanzibar, zile ambazo Ujerumani ilikuwa imelipa mwaka wa 1890 ili kuichukua pwani ya Tanganyika. Kwa maneno mengine, fedha za milki ya Sultan zilitumiwa kuikomboa nchi ya Sultan kutoka kwa wapangaji wake, kisha nchi yenyewe ikakabidhiwa kwa Waingereza.

Tangu hapo Sultan alilipwa kodi ya pauni 11,000 kila mwaka na riba ya pauni 6,000 kwa ajili ya zile pauni 200,000. Malipo hayo ya pauni 17,000 yaliendelea kwa miongo kadhaa, huku bendera yake nyekundu ikipepea Mombasa kama ishara tu.

Kampuni iliondoka ikiacha moto nyuma yake. Katika miezi yake ya mwisho iliingilia mzozo wa urithi wa uliwali wa Takaungu, na hivyo kuwasha vita vya Wamazrui vya 1895 na 1896. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, upande huu wa kusini mwa Likoni, alipigana na Waingereza hadi akalazimika kukimbilia kwa Wajerumani.

Baada ya hayo yote ndipo sanamu ilipoletwa. Sanamu kubwa ya shaba haisubiwi kama gogo zima. Fundi huitengeneza kwanza kwa udongo au plasta, hutoa kalibu, kisha humimina shaba iliyoyeyuka ili iwe ganda lenye uwazi ndani. Vipande huunganishwa na viungo kufichwa kwa tupa na patasi. Ndivyo mtu mzima, na koti lake na vifungo vyake, anavyoweza kuvuka bahari akiwa ndani ya sanduku na kusimamishwa juu ya jiwe katika nchi nyingine.

Mackinnon wa shaba alisimama mbele ya ofisi za hazina ya wakoloni. Aliziona gari za kusukumwa zikipita, kisha motokaa, na bandari kubwa ya Kilindini ikijengwa upande wa pili wa kisiwa. Jua na mvua havikumdhuru. Kilichomng'oa ni mabadiliko ya nchi. Mwezi Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru na ukanda wa maili kumi ukawa sehemu yake kamili, bendera ya Sultan ikateremshwa, na baada ya hapo sanamu hiyo ilisafirishwa kurudi Scotland. Iliwekwa katika shule ya Keil huko Dumbarton, shule ambayo ilianzishwa kwa urithi wa Mackinnon mwenyewe. Nayo shule hiyo ilifungwa mwaka wa 2000.

Si haki kumwita Mackinnon jambazi, wala si kweli kumwita mfadhili wetu. Alikuwa mfanyabiashara shupavu aliyechukia utumwa, akapenda sifa, akaamini kuwa nchi za watu zinaweza kukodishwa kama meli. Alipoteza fedha nyingi hapa. Lakini hasara yake iliandikwa katika vitabu vya hesabu na sehemu yake kulipwa. Hasara ya waliokufa njiani na ya waliokuta ardhi yao imeamuliwa na wengine haikupata daftari. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka wa 1908 ilidai kila mtu wa pwani athibitishe umiliki wake, na mashamba yasiyodaiwa yakawa ya serikali ya kikoloni. Wakazi wengi wa Likoni wanaoishi bila hatimiliki hadi leo wanaujua uchungu wa jambo hilo kuliko msomi yeyote.

Mombasa haikubaki bila sanamu za shaba. Abiria anayeshuka Mwembe Tayari atawaona askari waliosimamishwa kuwakumbuka Waafrika na Waarabu waliohudumu katika Vita Vikuu vya Kwanza. Sanamu hizo pia ziliwekwa na wakoloni, lakini hakuna aliyezing'oa, kwa sababu wakazi waliwatambua watu hao kuwa wao. Pembe maarufu za Moi Avenue, ambazo wageni hupigia picha kila siku, ni za alumini.

Treasury Square ingali bustani ya kupumzikia. Ikiwa siku moja serikali ya kaunti itaamua kusimamisha sanamu nyingine hapo, wapo wa kufikiriwa: mpagazi aliyebeba kipande cha meli hadi ziwani, mtoro aliyepokea hati yake Rabai, mkulima wa Likoni ambaye hakuulizwa. Mafundi wapo, na shaba nyeusi inayoweza kustahimili upepo wa bahari kwa karne kadhaa ingali inapatikana.